Kadi Kutoka Kabati la Hajji Sabri

Kani Shin, 9 Januari 2007

Mdogo wangu Muayyad,

Barua hii anaileta Hajji Jawdat, yule dereva wa GMC nyeupe anayepakia stendi ya Nahda. Simu huku milimani zimekufa tangu theluji ianguke, na mtandao ndiyo usiulize. Nisalimie mkeo Ikhlas, nibusie wanao Rusul na Muhaymin.

Nina shida, na ni ya fani yako. Jumanne ya wiki jana radi ilipiga nguzo ya kituo chetu. Taa zilirudi, jokofu likarudi, lakini ile kompyuta inayosoma ukuta wa bwawa haiongei na mtu. Unaikumbuka. Ulipokuja mwaka 2002 uliicheka, ukasema marehemu bibi ni kijana kwake. Ndiyo hiyo hiyo ya mwaka 1996, yenye ule mfumo wa jamii ya Unix aliouweka fundi wetu marehemu Hajji Sabri kwa mikono yake. Programu ya kusoma vipimo aliiandika yeye, na akafa nayo kichwani. Siwezi kuihamishia kwenye kompyuta nyingine.

Nimeifungua. Kompyuta ni nzima, kadi ya mtandao ndiyo imeungua mpaka inanuka. Na ndani ya ukuta kuna visanduku arobaini vinavyopima nguvu ya maji kwenye udongo, vyote vinapitia kadi hiyo. Bila kadi mimi ni kipofu. Kila asubuhi naingia handakini na tochi, nasoma visanduku sita kwa mkono. Thelathini na vinne vilivyobaki sivifikii.

Nitafutie kadi ya zamani, ya ile nafasi ndefu nyeusi ya kuchomekea, pamoja na kiendeshi chake, ile programu ndogo ya kuifundisha kompyuta kuongea na kadi. Fanya haraka, tafadhali. Usiniulize kwa nini nasema haraka.

Dada yako,
Nidhal


Baghdad, 15 Januari 2007

Dada Nidhal, mhandisi wa maji na barafu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikicheka. Watu wanalilia kompyuta mpya, wewe unataka nikufufulie maiti! Lakini sisi mafundi kompyuta wa Mtaa wa Sina'a hatujawahi kushindwa na maiti. Chini ya meza yangu ya dukani nilikuwa na kadi safi, na kiendeshi chake nimekipata kwenye CD za zamani, nikakinakili kwenye diski. Vyote nimevifunga ndani ya soksi ya Muhaymin, nikavizamisha kwenye kopo la maziwa ya unga ili wezi wa barabarani wasivione. Chota maziwa taratibu.

Sasa na mimi nina langu. Naomba Ikhlas na watoto waje kwako mpaka baridi iishe. Shule ya Rusul imefungwa, Muhaymin anashtuka hata mlango ukibamizwa. Una vyumba vitatu na uko peke yako, watakuchangamsha. Mimi nitabaki hapa kuangalia duka. Hakuna jambo kubwa, usianze kuwaza.

Nijibu kwa Jawdat huyu huyu ili niwafungie mizigo.

Mdogo wako,
Muayyad


Kani Shin, 22 Januari 2007

Muayyad wangu,

Kadi haikufika. Kwenye kizuizi cha tatu cha barabarani walifungua kopo la maziwa. Ndugu yangu, wewe na akili zako zote, unaficha bodi yenye nyaya ndani ya maziwa ya unga mwaka huu tulio nao? Walimpigisha Jawdat magoti kwa saa tano kwenye tope, kopo mbele yake, wakimuuliza bomu ni la nani. Kadi wameichukua, diski wameivunja kwa kitako cha bunduki. Kaja kwangu, akasema: "Mhandisi, barua nitakubebea, hata mama mkwe nitakubebea, lakini kitu chenye vijiguu vya chuma sibebi tena." Siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo kuanzia sasa tuna karatasi tu. Lakini nimepekua kabati la Hajji Sabri na nimepata kadi ya akiba, aliihifadhi kwenye kitambaa cheupe. Pembeni imeandikwa Nordlink 16. Nimeichomeka na kompyuta haijui kama ipo. Niandikie la kufanya, herufi kwa herufi, nami nitaandika kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kuhusu Ikhlas na watoto, wasubiri kidogo. Jiko la mafuta la kupashia nyumba limeharibika, na kifua cha Rusul unakijua. Nitakuambia likitengenezwa.

Nidhal


Baghdad, 28 Januari 2007

Dada,

Niombee radhi kwa Jawdat. Ya maziwa ni ujinga wangu.

Rusul ana makoti mawili na kifua chake kimepona tangu akiwa na miaka minne. Lakini sawa, tusubiri jiko.

Tufanye kazi. Mfumo wako tayari una viendeshi vingi tumboni mwake, hakuna haja ya kuleta kipya. Kadi za siku zile hazijitambulishi zenyewe. Lazima wewe uiambie kompyuta mambo matatu: kiendeshi gani, kadi iko mlango namba ngapi, na ikitaka kuita inapiga kengele namba ngapi. Ukikosea moja, haisikii, au inaganda. Nordlink nyingi nilizoziona zinatumia kiendeshi cha lnc. Fungua faili la maelezo ya moyo wa mfumo, ile programu kuu inayoendesha vyote, uandike mstari huu:

device lnc0 at isa? port 0x280 irq 10

Kisha ujenge moyo upya. Kwa mzee huyo itachukua siku nzima, usimkatize. Moyo wa zamani uuhifadhi kwa jina lingine ili ukikwama uurudie.

Na uniandikie chipu kubwa ya katikati inasemaje, ile ya mraba mweusi. Hiyo ndiyo ya kuamini. Kadi za wakati wa vikwazo vya miaka ya tisini zilipita Amman, Jordan, na wafanyabiashara walichapa pembeni jina lolote lililowapendeza.

Muayyad


Kani Shin, 4 Februari 2007

Muayyad,

Imeganda. Nilijenga siku nzima, nikaiwasha, ikaandika mistari kumi na minne halafu kimya. Nilikaa mbele yake mikono kwapani nikiogopa hata kuizima. Nimerudisha moyo wa zamani na imeamka, alhamdulillahi, lakini mwenzio roho ilitoka ikarudi. Tukiiua kompyuta hii basi yameisha, nakuambia wazi.

Kwenye kadi nimesoma kila kitu tena. Pembeni Nordlink 16. Nyuma kuna namba 4471-B. Kuna vifuniko vidogo vyeusi vimevishwa kwenye pini karibu na namba 300 na namba 10. Jaribu kiendeshi kingine.

Ikhlas na watoto wasubiri bado. Wakaguzi wa wizara wanakuja, watalala kwenye vile vyumba viwili. Nitakuambia wakiondoka.

Nidhal


Kani Shin, 5 Februari 2007
(Haikutumwa)

Muayyad, mwana wa mama yangu,

Hii naiandika ili nisipasuke, kisha naitia jikoni. Jiko linawaka vizuri. Halijawahi kuharibika.

Hakuna mkaguzi. Vyumba viwili ni vitupu, nimetandika vitanda tangu barua yako ya kwanza, nikavitandua, nikavitandika tena.

Naogopa ukuta. Siku mbili baada ya radi, maji yanayochuruzika kwenye mfereji wa chini yalibadilika rangi. Miaka kumi na moja yamekuwa maangavu kama ya kunywa. Sasa yana matope. Maji ya matope chini ya ukuta wa udongo maana yake huenda maji yanaula ukuta kwa ndani, na ukianza kuliwa haukuagi. Visanduku sita ninavyovifikia viko upande wa kulia na vinasema salama. Matope yanatoka kushoto, na kushoto ni kwa kompyuta tu.

Nyumba yangu iko chini ya ukuta. Nyumba zote za wafanyakazi ziko chini ya ukuta, na kijiji, na mji ulio baada ya kijiji. Hapo ndipo unapotaka niwalaze wanao.

Nilimwambia mkurugenzi. Alifunga mlango, akaniwekea Msahafu mezani, akanitaka niape kwamba sitamwambia kiumbe mpaka tuwe na namba. Niliapa. Nilimchukia, lakini hoja yake naielewa: barabara ni moja, ina theluji, na watu ni elfu ishirini. Neno likitoka kwa sababu ya hofu ya mwanamke mmoja mwenye tochi, watakanyagana mpaka wafe, na ukuta pengine ni mzima. Na barua zetu wanazifungua vizuizini. Wapo watakaofurahi kusikia kuna bwawa linalovuja.

Kwa hiyo nakudanganya kuhusu jiko. Nikilala nasikia maji. Nikiamka nasikiliza kama bado nayasikia.


Baghdad, 10 Februari 2007

Dada Nidhal,

Wakaguzi wa wizara! Wizara gani hiyo inayotuma wakaguzi barabarani mwezi huu, wakati mawaziri wenyewe hawavuki daraja? Mimi ni mdogo wako, si mjinga wako. Kama hututaki, sema hatutakiwi. Labda majirani zako wanasema maneno kuhusu watu wa Baghdad, labda umezoea kuishi peke yako. Nitaelewa. Uongo ndio sitauelewa.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa baba alipofariki, ukaniambia nyumba yako itakuwa yangu. Leo nimekuomba vyumba viwili.

Haya, kadi. Nilikuuliza chipu ya katikati inasemaje, ukanisomea pembeni, nyuma, na pini. Mhandisi mzima! Kuna nini juu ya chipu hiyo? Bila hiyo napiga ramli, na umeona ramli inavyogandisha kompyuta. Nisomee chipu.

Muayyad


Baghdad, 11 Februari 2007

Wifi yangu Nidhal,

Muayyad hajui kama naandika. Nimeikunja karatasi hii ndani ya kofia ya Jawdat.

Tarehe 12 Januari tulikuta bahasha chini ya geti. Ndani kulikuwa na jina lake kamili, jina la duka, na risasi moja imefungwa kwa karatasi ya daftari. Hawakuandika sababu. Jirani wa nyumba ya nne alipata kama hiyo, akaipuuza, wakamchukua akinunua mkate. Duka la mume wangu limefungwa tangu siku ile. Anakuandikia kama vile yuko dukani kwa sababu hataki ukose usingizi. Analala na viatu. Muhaymin amejifunza kukohoa bila sauti, wifi, mtoto wa miaka mitano.

Pasipoti tumeomba, watoto wamepata, mimi nimepata, yake imekwama. Bila yeye siendi Syria. Lakini kwako tunaweza kufika wote, hata yeye, ukisema neno moja tu. Ameshasema hatakuja mahali asipotakiwa, kwa hiyo neno hilo lazima litoke kwako. Nakushika miguu. Tutalala hata jikoni.

Mke wa mdogo wako,
Ikhlas


Kani Shin, 17 Februari 2007

Wifi Ikhlas,

Msije. Chukua watoto uende Syria kwa mjomba wako, Muayyad atawafuata. Msije huku, wala usiniulize.

Barua hii ichome.

Nidhal


Kani Shin, 17 Februari 2007

Muayyad,

Una haki ya kunikasirikia, kasirika. Lakini ondoka kwenye nyumba hiyo, hamia kwa rafiki, kwa yeyote, na dukani usikanyage. Usiniulize nimejuaje.

Kuhusu chipu, naona haya kukueleza. Hajji Sabri alibandika juu yake Ayatul Kursi, ile aya ya kinga. Karatasi ndogo, mwandiko wake mwenyewe, imebandikwa kwa gundi ya wali na kufunika mraba wote. Kila kadi aliyoipenda aliifanyia hivyo, kuilinda na jicho na umeme. Mimi sikuihesabu kama sehemu ya kadi. Uliponiuliza chipu inasemaje nilisema moyoni hakuna maandishi, maana kwangu pale palikuwa na aya, na nani atakwangua aya kwa bisibisi? Hata fundi wa zamu nilipomwonyesha alirudi nyuma, akasema ukuta wenyewe umesimama kwa karatasi hizo.

Barua yako ilipofika nilitawadha. Nikashika kadi juu ya mvuke wa birika, mbali, nikingoja gundi ilainike, huku namwomba Hajji radhi kwa sauti kama yumo chumbani. Ilibanduka nzima, nimeiweka ndani ya Msahafu wake. 

Chipu inasema DN8390, na chini yake, kwa herufi ndogo sana, NE2000 COMPATIBLE. Vifuniko ni kama nilivyokuandikia.

Nijibu kwa safari ya kwanza ya Jawdat. Yote uliyoniomba, hata yale ya vyumba, jibu lake liko nyuma ya kadi hii. Siwezi kuandika zaidi.

Nidhal


Baghdad, 24 Februari 2007, Jumamosi, saa tatu asubuhi

Dada,

Nimecheka mpaka Ikhlas akaja kuniangalia. Ayatul Kursi! Miaka ishirini natengeneza kompyuta za watu wa mji huu, nimetoa shanga za buluu kwenye feni, nimetoa kwato ya mbuzi ndani ya printa, na sikufikiri kukuuliza. Kosa ni langu nusu.

NE2000 ni rafiki wa kila mtu. Kiendeshi chake ni ed, na mfumo wako unacho tumboni. Ila nakumbuka zile za Amman zilikuwa na ujanja wa kengele: kifuniko kinasema kumi, kadi yenyewe inapiga tano. Sikuwa na hakika, na kukutumia mstari mbaya sitaki tena, umesema tukiiua yameisha. Daftari langu la kadi hizo lilikuwa dukani. Nimekwenda asubuhi hii, dakika kumi tu, mtaa mtupu, nimeingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa sahihi. Andika hivi:

device ed0 at isa? port 0x300 irq 5

Futa mstari wa lnc kabisa usigombane na huu.

Ndiyo, nimejua Ikhlas alikuandikia. Amelia siku tatu na hakunionyesha jibu, nikaelewa lilikuwa jibu gani. Sina neno. Sielewi jibu la nyuma ya kadi ni jibu gani, dada, vyumba ni vyumba. Lakini wewe hujawahi kuniandikia kwa woga, hata wakati wa vita, mwaka 91, na barua zako zote za mwaka huu zinatetemeka. Ndiyo maana nimekwenda dukani.

Jawdat anaondoka saa nne. Nakimbia stendi kumpa hii mkononi mwake.

Muayyad


Baghdad, 1 Machi 2007

Nidhal,

Muayyad hajarudi tangu Jumamosi. Alikwenda stendi ya Nahda kumpa Jawdat barua yako. Muuza chai wa pale anasema Muayyad alimpa, akamwangalia Jawdat akiondoka, akanunua kashata za simsim za watoto. Halafu magari mawili bila namba. Hakuna aliyeona zaidi, au hakuna anayekubali kuona.

Nimekwenda hospitali nne na shemeji wa jirani. Nimekwenda chumba cha maiti. Siku hizi hawakuingizi ndani, wanakukalisha mbele ya kompyuta, mtu anabonyeza, picha baada ya picha, wewe unasema hapana. Nilisema hapana mara mia tatu na kumi. Hayumo. Sijui kama hiyo ni heri.

Jana wametupa bahasha nyingine, safari hii ina risasi tatu. Nimehesabu, ni mimi na wanangu. Kesho alfajiri naondoka na familia ya jirani kwenda Syria. Nyumba naifunga, funguo hakuna wa kumwachia. Kama yuko hai na atarudi, nimemwandikia ukutani kwa ndani tulikokwenda.

Nilikuomba nyumba ikawa hapana. Yeye alikuomba ikawa hapana. Sikuombi tena, na sitaki maelezo. Jawdat hajaonekana stendi wiki hii, kwa hiyo hii nampa dereva nisiyemjua, ikufike siku itakayokufikia.

Mama Rusul


Kani Shin, 2 Machi 2007

Muayyad wangu, roho yangu, profesa wa Mtaa wa Sina'a,

Imeongea! Kengele tano, kama ulivyosema! Nilijenga moyo Jumatatu, umeme ukakatika katikati, nikajenga tena Jumanne, ukakatika tena. Jana saa nane mchana nikaiwasha nikiwa nimefumba macho, na nilipofumbua, mstari wako ulikuwa pale kwenye kioo, ed0, na taa ya kijani ya kadi ikipepesa. Nilipiga vigelegele peke yangu. Fundi wa zamu alidhani nimechanganyikiwa.

Halafu visanduku vikaanza kumwaga. Sikujua kama vina kumbukumbu yao wenyewe. Siku hamsini na nane zote zilikuwemo, visanduku vyote arobaini, namba zikishuka kwenye kioo mfululizo. Nilizisoma nimesimama. Ukuta ni mzima, Muayyad. Ni mzima kulia, ni mzima kushoto, nguvu ya maji inapungua kila wiki tangu tufungue malango ya chini. Nikarudi handakini kwenye yale matope, safari hii nikayachota nikayatoa juani. Ni mekundu. Udongo wa moyo wa ukuta ni wa kijivu, mwekundu ni wa mlimani. Bomba la kutolea maji ya kilimani lilipasuka siku ya radi, basi. Kwa mwanga wa tochi matope yote yanafanana.

Sasa nimefunguliwa kiapo na nakuambia. Jiko halikuharibika, na wakaguzi hawakuwepo. Nilidhani ukuta unaanguka, na nyumba yangu iko chini yake, na wewe ukataka kuniletea Rusul na Muhaymin. Ningesemaje? Niliona bora unichukie ukiwa hai. Na barua niliyomwandikia Ikhlas, mwambie niliiandika nikilia, mwambie nitamshika miguu mimi mbele ya watoto wake, na anitukane mpaka achoke.

Najua ya ile bahasha, mdogo wangu. Najua unalala na viatu. Basi asikuvue mtu, vaa hivyo hivyo uje. Njooni wote, na wewe, duka likae. Nimemkodi Jawdat gari zima asichukue abiria mwingine. Jumatatu saa moja asubuhi atapiga honi mbili getini kwenu. Msibebe vyombo, kuna kila kitu. Nimetandika vitanda vyote, Rusul nimempa chumba cha dirisha la upande wa jua, na leo nimeanza kuloweka majani ya mizabibu, maana najua dolma, wali wa kufungwa kwenye majani hayo, ndiyo itakayomnyamazisha Ikhlas kidogo.

Usinijibu kwa barua. Panda gari, uje unijibu kwa mdomo.

Dada yako,
Nidhal